Nati Zinazotazama Juu

Wajumbe wa posa walipofika langoni, bibi harusi mtarajiwa alikuwa chali chini ya gari, amevaa ovaroli la babake lililokunjwa miguuni, na kutu ilikuwa ikimdondokea machoni.

"Phelokazi," Shangazi Nozuko aliita kwa mnong'ono uliosikika hadi barabarani. "Toka huko. Watu wamefika."

"Nimesikia viatu vyao."

"Basi ingia ndani. Binti anayeposwa hukaa chumba cha nyuma, amejifunika, hata akikohoa anakoholea kwenye mto. Wewe miguu yako imetokeza nje kama ya mtu aliyegongwa."

"Wameiona?"

"Mmoja wao ameuliza kama tumeshaita gari la wagonjwa."

Phelokazi alitaka kucheka, akauma mdomo. Juu ya pua yake ilining'inia ekzosi ya kiwandani, ile ile iliyotoka na gari siku lilipozaliwa: bomba moja refu lisilo na kiungo, linalotoka kwenye injini, likapita tumboni mwa gari, likapanda juu ya ekseli ya nyuma na kushuka tena. Kule mbele alikwisha kuifungua jana, baada ya kuwasha injini mpaka chuma kikapata joto. Raba za nyuma zinazoning'iniza bomba alizipaka maji ya sabuni, zikalegea. Kilichobaki ni kibano kimoja cha katikati chenye bolti mbili, na bolti hizo mbili ndizo zilizokuwa zimesimama kati yake na mwanamume aliyempenda.

Si maneno ya kupamba hadithi. Babake alikula kiapo.

Zolile, ambaye mtaa wote wa KwaNobuhle ulimwita Cirha kwa jina la ukoo wake, alifunga ekzosi kwenye kiwanda cha magari tangu ndevu zake za kwanza hadi mgongo ulipokataa. Siku Phelokazi alipolileta nyumbani lile gari dogo kuukuu, alilolinunua ili apeleke watoto wa mtaa shule, mzee alipiga magoti kwa furaha akachungulia chini kama mtu anayemtafuta mjukuu wake. Aliinuka na uso mwingine.

"Hili ni la baridi ile ya mgomo," alisema. "Tazama kibano. Nati zinatazama juu. Hakuna mtu wa sehemu yetu aliyewahi kufunga nati zikatazama juu. Hili lilifungwa na panya."

Panya ni jina la mtu aliyeingia kazini wenzake walipogoma. Katika mji ule mtu anaweza kuiba akasamehewa, anaweza kuzini akasamehewa, lakini panya huzeeka na jina lake na huzikwa nalo.

Sasa fikiria mwenyewe jioni ile Phelokazi alipotamka jina la mchumba wake mezani. Mzee alikuwa anatafuna mkate. Mkate huo aliusifu miezi mingi. Kila asubuhi ulikutwa juu ya boneti ya gari, ungali na joto, umefungwa kwa karatasi, naye hakuwahi kuuliza sana unatoka wapi. Alidhani ni shukrani ya mzazi fulani wa shule.

"Lwandiso," alisema Phelokazi. "Anaendesha gari la mikate. Mwana wa Mncedisi, wa ukoo wa akina Tolo."

Mzee aliacha kutafuna. Akautoa mkate mdomoni, akauweka kando ya sahani.

"Mncedisi," alisema polepole. "Ulizaliwa baridi ile, unajua? Mama yako, Mungu amlaze pema, alikuwa anakunywa maji ya sukari ili maziwa yatoke. Na kila asubuhi nilisimama langoni pa kiwanda na wenzangu nikaona basi linaingia, madirisha yamebandikwa magazeti, na ndani yake mtu niliyekuwa nakula naye sahani moja. Watu husema yaliyopita si ndwele. Aliyesema hivyo hakulala njaa."

"Baba, Lwandiso alikuwa mtoto mchanga."

"Mtoto mchanga aliyeshiba."

Hapo ndipo aliposimama, akatoka nje hadi penye gari, akalipiga teke gurudumu na kusema kwa sauti ambayo jirani yao MamJwarha, aliyekuwa anaanua nguo, aliisikia neno kwa neno: "Siku ekzosi ya gari hili itakapotoka nzima, kwa mikono ya nyumba hii, bila moto na bila grenda, ndiyo siku mtu wa akina Tolo ataingia lango langu."

MamJwarha alikunja shuka moja. Kabla ya giza mtaa mzima ulikuwa na habari. Na neno la mtu mzima likishapita kinywani mbele ya jirani, halimezwi tena.

Mzee alijua alichokuwa anasema. Nati zile zilibanwa kati ya kibano na sakafu ya gari, mahali ambapo hata mkono wa mtoto hauingii. Ukigeuza bolti kwa chini, nati inageuka nayo, kama wawili wanaocheza muziki wakiwa wameshikana viuno. Unaweza kucheza nazo mpaka Krismasi.

Akina Tolo walikuja hivyo hivyo. Mzee wao Mthetheleli, ambaye ametumwa posa nyingi kuliko anazokumbuka, alisema tu: "Tutasimama. Kusimama ndiyo kazi ya mposaji." Na sasa walikuwa wamesimama, wanaume watatu wenye makoti na kofia na fimbo, upepo ukiwapiga vumbi la barabara.

"Tunawasalimu akina Cirha," Mthetheleli aliita kutoka langoni, kwa upole.

Kwenye baraza, Zolile alikuwa ameketi kwenye kiti cha jikoni na kikombe chake cha chai, mgongo ameupa lango.

"Hawajibiwi?" aliuliza Phelokazi kutoka chini ya gari.

"Wanangoja ekzosi," alisema babake. "Kama mimi."

"Na makande yangu yanangoja nani?" alisema Shangazi Nozuko. "Nimeyainjika tangu alfajiri. Cirha, kaka yangu, fungua lango, watu wakae chini. Ugomvi mtaufanyia kwenye viti."

"Nozuko, mimi nimesema neno. Ulitaka nilile?"

"Ukilila litakushibisha kuliko hicho kiburi."

Ng'ambo ya barabara, kando ya duka, iliegeshwa pikapu nyeupe. Kwa desturi bwana harusi hafiki kwenye posa yake. Huyu hakufika, alikuwa tu ameegesha gari mahali ambapo gari lolote linaweza kuegeshwa. Phelokazi, akigeuza kichwa juu ya nyasi, aliona kati ya magurudumu mawili mkono wa Lwandiso umelala dirishani, shati limekunjwa hadi kwenye kiwiko. Aliujua mkono ule. Ulikuwa na alama ya kuungua na trei la mikate, na yeye alishaibusu alama hiyo. 

Alitoa simu mfukoni.

"Sema, roho yangu," Lwandiso aliitikia kabla haijalia mara mbili.

"Usinichekeshe, nina kutu mdomoni."

"Naiona miguu yako."

"Desturi inakataza."

"Desturi inakataza uso. Haikutaja miguu." Kisha sauti yake ikashuka. "Phelo, imekataa?"

"Imekataa. Nimezigeuza mpaka kiganja kimechubuka. Zinazunguka tu."

"Basi toka humo, vuka barabara, panda hapa. Cape Town kuna shangazi yangu. Tutafunga ndoa huko, wao wabaki na vyuma vyao."

Phelokazi alifumba macho. Kwa pumzi moja aliona yote hayo: barabara, mkono wenye alama ya trei kwenye usukani, bahari upande wa kushoto. Kisha akasikia kikombe cha babake kikigusa sahani.

"Hapana," alisema. "Sitoki kwa babangu kupitia dirishani kama mwizi. Nitatoka kwa lango, likiwa wazi, na yeye ndiye aliyelifungua. Nikikosa hilo nitakuwa nimekupata wewe nikampoteza yeye, na kila nikikutazama nitahesabu hasara."

"Mimi kila nikikutazama nakumbuka kwamba nilishiba," alisema Lwandiso. "Baridi ile. Wewe ulinyonya maji ya sukari, mimi nilinyonya mpaka nikatapika. Sikuchagua, lakini nakumbuka. Mkate ule niliuleta kwa sababu hiyo, kabla hata sijajua unaitwa nani. Nilisikia tu kuna binti wa Cirha anabeba watoto wa shule."

Hakuwahi kumwambia hivyo. Phelokazi alijifuta jicho kwa kiwiko, akajipaka masizi hadi kwenye sikio.

"Babako yuko hapo ndani?"

"Yuko. Hajasema neno tangu nyumbani. Nilimwambia asije, akaingia tu akakaa."

"Mpe simu."

"Phelo..."

"Mpe."

Kulikuwa na mkwaruzo, kisha upepo, kisha pumzi ya mtu mzee.

"Nakusalimu, Tolo," alisema Phelokazi.

"Nakusalimu, mwana wa Cirha."

"Nina swali, na halina adabu."

"Uliza."

"Nati za kibano cha katikati zinatazama juu. Nikigeuza bolti, nati inafuata. Mkono hauingii. Nyinyi mlizifungaje?"

Pumzi ilikatika. Upepo wa mji wa Kariega ulipiga simu zote mbili kwa wakati mmoja. Alidhani mzee ameiweka chini.

"Hatukuijua kazi," Mncedisi alisema hatimaye. "Sehemu ile ilikuwa ya babako na wenzake. Sisi tulitolewa kwenye sehemu ya rangi, tukaambiwa fungeni. Bolti tuliziingiza kinyume. Kwa hiyo mmoja alisimama chini na mwingine akachuchumaa ndani ya gari. Kuna tundu kwenye sakafu, mbele ya kiti cha abiria. Ukifunua zulia utaona kifuniko cha raba. Kikitoka, nati zote mbili unaziona."

"Nani alikuwa ndani?"

"Mimi."

Phelokazi aliisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Mlango wa karakana uliachwa wazi, hewa ipite," mzee aliendelea, na sasa ilikuwa kama maneno yanajitoa yenyewe. "Nikiinua kichwa, naliona lango la kiwanda. Nilikuwa namwona babako. Amevaa kofia ya sufu ya kijani."

"Alikuona?"

"Hilo sijawahi kumuuliza."

Aligeuza tena kichwa juu ya nyasi. Nyuma ya mkono wa Lwandiso, kivulini, aliuona uso wa mzee. Alikuwa tena ndani ya gari, akitazama tena lango, na mtu yule yule akiwa upande wa pili.

"Asante, Tolo," alisema, akajivuta nje.

Alifungua mlango wa abiria, akashika ukingo wa zulia akalivuta. Likang'oka na makombo yake na harufu ya maganda ya machungwa ya watoto. Chini yake, pale pale, kilikuwa kifuniko cheusi cha raba, kikubwa kama kisosi. Akakichokonoa na bisibisi. Kikatoka kwa mlio wa busu. Aliinama, na kwenye shimo lile nati mbili zilikuwa zikimtazama.

"Shangazi, ingia ndani ya gari."

"Mimi? Na kitambaa kipya kichwani?"

"Ushike spana kwa juu, mimi nigeuze kwa chini. Kazi ni ya watu wawili. Ilikuwa ya watu wawili tangu mwanzo."

"Mwite babako."

"Baba amekula kiapo. Wewe umekula nini?"

"Mimi sijala chochote tangu alfajiri," alisema Shangazi Nozuko, na akavua viatu.

Zolile alikuwa amesimama. Alikuja hadi kwenye mlango wa gari, akalitazama shimo.

"Nani amekuonyesha tundu hilo?"

"Aliyelitumia."

MamJwarha, ambaye tangu asubuhi alikuwa na kazi nyingi sana karibu na ua, aliacha kutafuna andazi. Langoni, zile kofia tatu ziligeuka.

"Umempigia panya simu," alisema mzee. "Kutoka kwenye uwanja wangu."

"Nimempigia baba wa mwanamume ninayempenda. Ulisema mikono ya nyumba hii, Baba. Hukutaja masikio."

Mishipa ya shingo ya mzee ilisimama. Phelokazi aliogopa, hakuwahi kumjibu hivyo maishani. Lakini hakushusha macho, na macho hayo alikuwa ameyarithi kwake.

"Akasemaje?" mzee aliuliza, na sauti ilikuwa imekauka.

"Kwamba hawakuijua kazi. Kwamba sehemu ile ilikuwa yako na wenzako. Kwamba ukiwa langoni ulivaa kofia ya sufu ya kijani."

Zolile alipeleka mkono kwenye kofia aliyovaa, kana kwamba ni ile ya sufu. Ile ilifumwa na mkewe. Ilizikwa naye.

 Alirudi barazani akaketi. Lakini kiti alikigeuza kidogo, na mgongo wake haukutazama tena lango.

"Haya," alisema Shangazi Nozuko kutoka ndani ya gari, makalio juu, kichwa shimoni. "Nimeishika, nadhani. Kama ni nati. Kama ni kitu kingine Mungu anisamehe."

Phelokazi alirudi chini. Akaipachika spana ya boksi kwenye bolti ya kwanza. Angeivuta mara moja, ingekatika, ekzosi isiwe nzima tena, na kiapo kingekatika nayo. Lakini alikuwa amekulia kwenye meza ambako hadithi za jioni zilikuwa za chuma. Bolti iliyoshika kutu usiivute kama unaifukuza, babake alizoea kusema huku akichovya mkate. Ikaze kidogo kwanza. Iaminishe kwamba unaitaka. Ndipo uirudishe.

Aliikaza. Unywele tu. Chuma kililia.

"Mama yangu," alisema Shangazi Nozuko.

"Shikilia."

Akairudisha. Haikutaka. Akaikaza tena, akairudisha, akaweka miguu kwenye gurudumu na mgongo kwenye nyasi, akavuta kwa kila kitu alichokuwa nacho, kwa maji ya sukari na kwa mkate wa moto na kwa alama ile ya trei. Kukatokea mlio kama kuni kavu.

"Imekatika?" aliuliza MamJwarha.

"Imelegea," alisema Phelokazi.

"Moja imelegea," MamJwarha aliwapigia kelele wajumbe. "Imebaki moja."

"Tunawasalimu akina Cirha," Mthetheleli aliita, na safari hii kulikuwa na kitu kama wimbo ndani yake.

Ya pili ilikuwa na roho mbaya kuliko ya kwanza. Shangazi Nozuko aliiachia ikamponyoka, akaitukana kwa jina la mume wake wa zamani, akaishika tena. Jasho lilimwingia Phelokazi machoni na likachanganyika na mafuta. Mara mbili spana iliruka ikamgonga paji la uso. Hatimaye ikatoa ule mlio mkavu. Aliendelea kuizungusha kwa vidole mpaka ikaanguka kwenye kiganja chake, ikiwa na joto kama yai lililotoka kutagwa.

Bomba likashuka kidogo, likakwama juu ya ekseli.

Hilo nalo alilijua. Lilipofungwa ekseli ilikuwa bado haijawekwa. Gari lililokamilika halitaki kulitoa. Aliweka jeki kwenye mwili wa gari na kuupandisha, magurudumu ya nyuma yakabaki yakining'inia, ekseli ikazama, na juu yake likafunguka pengo. Akasukuma magogo chini ya chasisi ili gari lisimlalie. Kisha akaingia tena, akavuta raba moja, ikateleza kwa sabuni, akavuta nyingine.

Hapo ndipo ekzosi nzima, na kutu yake ya umri wake wote, ilipojiachia upande mmoja. Mkia uliruka juu ya ekseli, na lile tumbo zito la katikati ya bomba likaja moja kwa moja kwenye shingo yake.

Halikufika.

Mikono miwili ilikuwa imelipokea. Mikono ya kizee, yenye mishipa, kiganja kimoja chini ya tumbo na kingine chini ya shingo ya bomba, pale hasa panapotakiwa. Zolile alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi, kofia imemwanguka, na macho yake yalionyesha kwamba yeye mwenyewe ameshangaa. Maisha yake yote ya kazi bomba lile lilimjia hivyo, na mikono haikungoja ruhusa.

"Usilivute," alisema kwa sauti ambayo Phelokazi hakuisikia tangu utoto. "Ligeuze kushoto. Mdomo chini. Hivyo. Sasa njoo nalo kwangu, polepole, kama unamtoa mtoto kitandani."

Waliligeuza pamoja. Lilitoka kwa shida, likikwaruza ekseli, kisha likatoka lote, refu na baya, wakalilaza kwenye nyasi kati yao. Mzee alipitisha kidole gumba kwenye kibano.

"Wamefunga vibaya," alisema. "Vibaya kabisa."

"Lakini limekaa miaka yote hii," alisema Shangazi Nozuko, akitoka garini na kitambaa kimemwangukia sikioni.

"Kutu ndiyo iliyokaa."

"Cirha," aliita MamJwarha kwa upole mwingi, "hiyo ninayoiona kwenye nyasi ni nini, baba? Macho yangu siku hizi."

 Phelokazi alikuwa bado amelala, nusu ndani nusu nje, na moyo wake ulidunda kwenye nyasi. Babake aliokota kofia, akaikung'uta gotini mara mbili, akaivaa.

"MamJwarha," alisema, "hiyo ni ekzosi. Nzima." Kisha akamgeukia binti yake. "Lishushe gari chini. Liwashe."

"Halina bomba, Baba. Litapiga kelele."

"Ndiyo nasema liwashe."

Walilishusha, na yeye akageuza ufunguo.

Gari lile dogo la kubeba watoto liliunguruma kama simba mwenye madai. Kuku wa MamJwarha walipaa juu ya ua. Mbwa wa mtaa mzima waliitikia. Wajumbe waliinua fimbo zao juu bila kujua kwamba wameziinua, na ng'ambo ya barabara mlango wa pikapu ulifunguka, Lwandiso akasimama peupe, mbele ya Mungu na desturi, kofia kifuani. Akamtazama. Phelokazi alimtazama kupitia kioo cha mbele, meno meupe katikati ya masizi, mguu kwenye mafuta. Hakuna aliyepunga mkono. Walitazamana tu, na gari likasema yaliyobaki.

Babake aliinua kiganja. Akazima.

Katika kimya kile mzee alitembea hadi langoni. Hakumtuma mtu. Alifungua komeo mwenyewe, akalivuta lango hadi mwisho, hadi lilipogonga ukuta.

"Ingieni, akina Tolo," alisema. "Mmechelewa. Mtatozwa faini."

"Tutalipa, Cirha," alisema Mthetheleli, akivua kofia.

Lakini Zolile hakupisha bado. Alitazama juu ya mabega yao, ng'ambo, kwenye kiti cha abiria cha pikapu.

"Yule mzee haji leo," alisema. "Baba wa bwana harusi haingii kwenye posa, na mimi sivunji desturi. Lakini Jumapili aje. Peke yake. Mwambieni nilimwona. Kila siku nilimwona, kichwa kikiinuka kwenye dirisha la gari karakanani na kushuka. Sijasahau kitu. Aje tukae, aniambie yeye mwenyewe, si kwa simu."

"Tutamwambia."

"Na mwanawe mkate asiache kuleta."

Shangazi Nozuko alikuwa tayari amemshika Phelokazi kwenye mkono na kumkokota kupitia mlango wa jikoni, akamsukuma chumba cha nyuma, akamtupia blanketi kichwani. Hapakuwa na muda wa kunawa. Kupitia ukuta mwembamba alisikia viti vikivutwa, chupa ya kufungulia kinywa, ile inayotangulia mazungumzo, ikiwekwa mezani, kikohozi cha wanaume wanaojiandaa kusema uongo wa heshima.

"Basi," ilisema sauti ya babake, nzito, ya sherehe. "Mmekuja kuomba. Nyumba hii ina mabinti. Mnamtaka yupi?"

Nyumba hiyo ilikuwa na binti mmoja, na KwaNobuhle yote ilijua. Lakini swali lazima liulizwe, na lazima lijibiwe.

Mthetheleli alivuta pumzi.

"Yule mwenye masizi usoni, Cirha," alisema. "Yule ambaye tulianza kumwona kwa miguu."

 Phelokazi alishika blanketi kwa mikono yote miwili.

"Huyo," alisema babake, na kila herufi ilitembea imenyooka, "kaeni vizuri kwenye viti. Kwa mahari ya huyo tutakaa sana."

Phelokazi akauzika uso wake kwenye mto mweupe wa shangazi yake, masizi na yote, akacheka mpaka kitanda kikatingishika.